Impreza yangu: alaimenti ya mbele kwa uzi na vigae

Tairi za mbele zimekwisha upande wa ndani tena, na nje bado zina meno. Karatasi ya alaimenti, yaani vipimo vya jinsi magurudumu yanavyoelekea, niliyopewa gereji inaonyesha kijani kila mahali, maana yake kila kitu kiko sawa. Basi safari hii napima mwenyewe, nyumbani.

Gari ni Subaru Impreza WRX STI ya 2004, ile yenye kodi ya bodi GDB. Hapa Nairobi tairi ikiliwa ndani kila mtu atakwambia ni kemba, yaani gurudumu limelala. Mimi naishuku tou: magurudumu mawili kutotazama mbele sawasawa. Gurudumu lililolala digrii moja bado linabingirika linakotazama, lakini lenye tou mbaya linaburutwa kando mwendo wote. Na nikipitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kwenda ni laini, kurudi kunakwaruza. Kemba peke yake hailiachi tairi hivyo.

Kabla ya uzi, jeki. Nimetikisa kila gurudumu kushoto na kulia kutafuta tairodi (chuma kinachogeuza gurudumu ukizungusha usukani) iliyolegea, kisha juu na chini kwa ajili ya beringi na boli jointi (kiungo kinachoruhusu gurudumu kugeuka na kupanda). Vyote vizima. Kilichokufa ni bushi (mpira wa kiungo) ya nyuma ya mkono wa chini unaoshika gurudumu, upande wa kushoto. Hiyo ikipasuka, ukikanyaga breki mkono unasogea na tou inabadilika hapo hapo, hata kama mashine ilisoma sawa gari likiwa limesimama. Nimebadilisha zote mbili, na boliti zake nimezikaza gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, mpira unabaki umejipinda na haudumu.

Sakafu nimeipima kwa mpira wa maji, kama fundi wa ujenzi anavyopima msingi, nikajazia vigae penye bonde. Chini ya kila gurudumu la mbele kuna vigae viwili vilivyopakwa grisi katikati, ili gurudumu lijigeuze bila kung'ang'ania sakafu. Kiti cha dereva kimebeba mitungi minne ya maji ya lita 20, kilo 80 hivi, karibu sawa na mimi. Jirani aliuliza kama maji yamekatwa.

Uzi unapita ubavuni mwa gari kila upande, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Usipime kutoka kwenye bodi. Pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu), kulia na kushoto ziwe sawa, mbele kivyake na nyuma kivyake, kwa sababu upana wa magurudumu ya mbele na ya nyuma si lazima ulingane. Hapo ndipo nimetumia muda mwingi kuliko kazi nyingine zote.

Kisha nikapima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya kila gurudumu; tofauti yake ndiyo tou. Matokeo: tou ilifunguka nje, yaani magurudumu yametazama nje, milimita 4 kwa jumla, karibu zote upande wa kushoto. Kwa rimu ya inchi 17, milimita moja ni kama digrii 0.13.

Kemba imetangulia, maana ukigusa kemba, tou nayo inahama. Kwenye Impreza boliti ya juu inayoshika shokapu ina kichwa chenye alama na tumbo lisilo duara kamili. Ukiizungusha, gurudumu linalala au linasimama. Kulia ilifika digrii hasi 1.5 (hasi ni juu ya gurudumu kulalia ndani), kushoto ikagoma hasi 1.3. Nimeacha zote hasi 1.3. Kwangu pande kulingana ni bora kuliko kujisifia namba kubwa upande mmoja.

Kisha tou: sifuri. Wenye magari ya mashindano hupenda ifunguke nje kidogo ili pua iingie kona haraka, lakini kwenye lami iliyochimbwa na malori gari la namna hiyo linafuata kila mfereji.

Barabarani usukani umetulia. Bado linavutwa kushoto kidogo, ila nikihamia upande ambao lami imeinamia kulia linavutwa kulia, kwa hiyo hilo ni la barabara.

Kasta, yaani mwinamo wa mhimili ambao gurudumu linageukia, ya kiwandani hairekebishwi, lakini nitaipima: kemba nikikata usukani digrii 20 kila upande, tofauti yake mara 1.5. Kabla ya hapo natafuta tairi mbili mpya, na kina cha meno yake nitakiandika ndani, katikati na nje kabla hazijagusa lami.