Siku moja na mifuko 48 ya udongo

Watu wakiniona shambani nimepiga magoti na nyundo mkononi wanaulizana kama natafuta madini. Wengine wakisikia neno kaboni wanasema ndo wale wanaouza hewa. Kazi yangu ni kupima afya ya udongo na kaboni iliyomo mashambani, basi, na leo nawapitisha kwenye siku yangu moja, maana zile namba mnazosoma kwenye ripoti kuna mtu amezitolea jasho.

Saa 11 alfajiri naamka, napakia auga (chuma cha kuzungusha kinachochomoa udongo kutoka chini), ringi za chuma, nyundo, kisu, ndoo, mifuko na jipiesi. Lebo nimeshaziandika usiku, mbili kwa kila mfuko, maana mkono ukishaingia tope huandiki kitu kikasomeka.

Saa 1 asubuhi mi na mwenzangu tuko shambani. Hekta 40, tumezigawa vipande 4 kufuatana na mteremko na aina ya udongo, kila kipande pointi 6, kila pointi sampuli mbili, moja ya sentimita 0 hadi 15 na nyingine 15 hadi 30. Ndo unapata mifuko 48. Pointi zenyewe zinapangwa na kompyuta kwa bahati nasibu, hazichagui mwenye shamba na sizichagui mimi.

Mpaka saa 4 tulikuwa tunaenda vizuri, zungusha auga, chomoa, kwangua, funga, songa mbele.

Saa 4 na kitu ndo tukafika pointi ya 11, imeangukia pembeni kabisa pale trekta linapogeuzia, udongo umeshindiliwa mpaka magugu yenyewe yanaota kwa kubahatisha. Mzee mwenye shamba alikuwa anatufuata tangu asubuhi, akasimama mbele yangu.

"Kijana wangu, hapa unapima nini? Hapa pamekufa. Twende pale chini ya mti, nilimwaga samadi, udongo mweusi kama mkaa."

Nikamwambia mzee wangu, pointi ni hapa. Akasema mimi simtakii mema, miaka mitatu anaacha masalia ya mazao shambani badala ya kuchoma, anapanda mikunde ya kufunika udongo, halafu mimi naenda kupima mahali pabaya kuliko pote. Akamwita na mwanae aje ashuhudie. Mwenzangu ananiangalia, jua linapanda, na bado tuna pointi 13. Na hasira zake nilizielewa, mtu amehangaikia ardhi yake kwa mikono yake, lazima aogope namba ya mgeni.

Ikabidi niweke auga chini nikae naye. Nikamwambia, mzee, leo tunapima mwanzo. Baada ya miaka mitano hivi tutarudi kupima tena, na utakacholipwa kwa kaboni iliyohifadhiwa udongoni ni ile tofauti, yaani kilichoongezeka. Sasa leo nikienda pale kwenye samadi nikaandika shamba lote liko hivyo, utakuwa umeanzia juu mno, huko mbele hata ukifanya kazi nzuri namna gani ongezeko halitaonekana, na aliyeumia ni wewe. Na nikipima sehemu mbovu tupu nitakuwa namdanganya anayelipa. Kona hii ni sehemu ya shamba lako, acha ihesabiwe kama ilivyo.

Akanyamaza. Nikaona maneno peke yake hayatoshi, nikaomba chupa mbili za wazi zenye maji. Nikachukua bonge kavu la udongo kutoka kwenye uzio, pale penye nyasi pasipolimwa, na bonge lingine kavu pale tulipokaa, nikayatumbukiza kwa pamoja. La pale konani lilianza kumeguka hapohapo, likatoa mapovu, likamwagika chini kama unga, maji yakawa matope. La kwenye uzio likakaa vilevile, maji meupe, unaona na vijizizi vinachungulia. Nikamwambia hiyo gundi inayoshika bonge ni mizizi, kuvu na mboji, na kama nusu hivi ya mboji ni kaboni. Mvua ikija, udongo wa chupa hii unaondoka nayo, wa chupa ile unakunywa maji. Mzee akaishika ile chupa akaigeuzageuza juani kwa muda mrefu, afu akasema, haya chimba.

Karibu saa nzima imekwenda hapo.

Baada ya hapo ni ringi, na ringi ndo inayonimaliza. Asilimia ya kaboni peke yake haitoshi, lazima ujue udongo una uzito gani kwa ujazo wake, kwa hiyo unagongelea ringi ya sentimita 100 za ujazo taratibu, unaichimbua pembeni, unakata juu na chini kwa kisu hadi iwe sawasawa. Ukigonga kwa hasira udongo unajibana ndani na namba inapotea. Ringi ikiwa na gramu 130 za udongo mkavu, na kaboni ni asilimia 1.5, kwa kina cha sentimita 30 unapata tani 58.5 kwa hekta. Ikijibana ikawa gramu 140 unaandika tani 63. Gramu 10 tu za uzembe wangu zinazaa tani 4.5 kwa hekta ambazo hazipo duniani. Kwa hiyo ikijibana naimwaga naanza upya, hata mikono ikitetemeka, na leo nimemwaga tatu, maana kwenye sentimita 22 kuna tabaka gumu la miaka ya kulima kina kilekile, auga inagoma, mabega yanawaka, na shimo moja likagonga jiwe ikabidi nisogee hatua moja niandike kwamba nimesogea.

Saa sikuangalia tena. Jua lilikuwa linashuka tukahesabu mifuko kwenye gari, 47. Tukahesabu tena, 47. Uliokosekana ni wa pointi ya 17, ule wa sampuli ya chini. Mwenzangu hakusema neno, alichukua auga nikachukua tochi tukarudi mteremko wote ule.

Usiku nyumbani nimefungua mifuko yote ipate hewa, udongo ukifungiwa na unyevu vijidudu vinaendelea kuila hiyo kaboni. Kesho ringi zinaingia oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24. Miguu siisikii.

Nikiwa nataka kulala simu ikalia, picha kutoka kwa mzee, zile chupa mbili ameziweka dirishani. Ameandika, la kwenye uzio bado limesimama. Nikamjibu asimwage, kesho asubuhi aliangalie tena.