Nilivyopata podikasti tamu zenye kufundisha

Kuanika dagaa pale Kibirizi, Kigoma, kunashughulisha mikono na macho, masikio yanabaki bure. Nikataka podikasti, yaani vipindi vya sauti vya kupakua mtandaoni. Nilizopendekezewa ama zilikuwa vicheko saa nzima, ama mhadhara wa kuleta usingizi.

Kilichonisaidia ni kuacha kutafuta "podikasti bora". Nikawa naandika jambo lenyewe ninalotaka kulijua, kwa Kiswahili: presha, mirathi, historia ya taarabu. Ndipo nikakipata Siha Njema, kipindi cha afya cha RFI Kiswahili, redio ya Ufaransa, na Noa Bongo cha DW, redio ya Ujerumani. Hiki cha pili ndicho nikipendacho hasa, kwa sababu ni mchezo wa redio: unafuata kisa cha vijana, unataka kujua yatawafika yapi, na elimu inaingia humo humo.

Kipimo changu ni mama wa chanja ya jirani. Kila tukigeuza dagaa huniuliza, "Haya mwanangu, leo wamesemaje?" Nikiwa na la kumsimulia, kipindi kinabaki. Nikikosa, nakifuta.

Vipindi navipakua usiku, bando likiwa nafuu. Mchana navaa spika ya sikio moja tu, nisikie wateja wakiita.