Sarafu ya mia mbili

Jana kitinda mimba wetu kaingia kibandani nikiwa nakata nakshi kwa msumeno wa umeme, ule wa bledi nyembamba inayopanda na kushuka. Kasimama, kaufuata kwa macho ule mrija mwembamba uliofungwa kwenye mkono wa mashine mpaka kwenye pampu chini ya meza, kisha akauliza: "Baba, samaki wake wako wapi?"

Nilicheka hadi nikazima mashine. Pampu ni ya tangi la samaki kweli, ile ya kutoa mapovu. Mimi inanipulizia unga wa mbao usifunike mstari wa penseli. Nikamwambia samaki hawapo, akaenda zake hajaridhika. Mimi nikabaki pale nimeshika kibao, namkumbuka Ami na ile Jumamosi ya Gerezani, kule kwenye maduka ya vifaa Dar.

Ami, ndugu wa baba yangu, ni fundi wa nakshi za mbao. Alikuwa amevuka na boti ya asubuhi kutoka Unguja kwa mambo yake ya hospitali, yakaisha mapema kuliko tulivyodhani, akasema twende tukauone huo msumeno unaouimba kila siku. Misumeno yenyewe ilikuwa miwili, duka moja. Mmoja mpya, mwekundu, una taa yake na kitufe cha kubadilisha mwendo, mipigo 400 mpaka 1600 kwa dakika. Wa pili mtumba wa Japani, chuma cha kumimina, rangi imebanduka, umesukumwa chini ya rafu ya pampu za maji. Yote miwili nafasi yake ya kugeuzia kibao, kutoka kwenye bledi mpaka nyuma, ni inchi 16. Kwa hiyo kwenye karatasi ule mwekundu ulikuwa umeshinda.

Sasa muuzaji akamwona mzee wa kanzu na kofia ya viua, akaamua maneno yote aniambie mimi. Taa hii, kitufe hiki, waranti miezi sita. Ami hakuuliza hata bei. Aliushika mkono wa juu wa ule mwekundu, pale mbele bledi inapofungwa, akausukuma kushoto na kulia polepole kama mganga anayepapasa mbavu. Ukacheza. Si sana, lakini ulicheza. Akainama kwenye ule wa Japani, akausukuma hivyo hivyo. Haukujibu kitu.

"Utoeni huu."

Mimi na kijana wa dukani tukaupandisha kaunta, tukihema. Ami akaingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu ya mia mbili, akaisimamisha kwa ukingo juu ya meza ya ule mwekundu. Akasema washa. Sarafu ilitembea kidogo ikalala kabla mota haijashika mwendo.

"Mzee wangu, hiyo haijafungwa," muuzaji akasema. "Ukiipiga bolti kwenye meza yako inatulia." Na alisema kweli, msumeno wa aina hii usipofungwa hutikisika. Ami akamwitikia kwa kichwa. "Sawa. Na huu nao haujafungwa."

Hapo tukakwama kidogo. Muuzaji alikuwa ameapa kwamba ule mtumba ni wa umeme wetu huu huu. Nikazunguka nyuma, nikapangusa vumbi kwenye kile kibati cha mota: volti 100. Ungeuchomeka kwenye 230 yetu tungenunua moshi. Hakubisha wala hakuona haya, alimtuma kijana duka la jirani akaazime transfoma, nasi tukasubiri tumeegemea magunia ya misumari. Ami akaitumia nafasi hiyo kuulizia bei ya mninga, ambayo hakuwa na haja nayo.

Transfoma ikaja. Sarafu ikasimamishwa. Mota ikaanza kuvuma, bledi ikapanda na kushuka hata meno hayaonekani, na ile sarafu ikatetemeka, ikajigeuza kwenye ukingo wake taratibu mpaka upande wa simba ukanielekea. Ikakaa. Mtu aliyekuja kununua gundi akaacha kuhesabu chenji yake. Kijana wa dukani akainama mpaka macho yakawa sawa na meza. Sote tunaitazama sarafu ya mia mbili kama tumeiwekea dau, na Ami peke yake haitazami. Ametega sikio, anausikiliza mkono wa juu. Huo unavyopanda na kushuka ukilegea kwenye maungio utausikia unagonga kabla hujauona unatikisika. Baadaye aliniambia hivyo, pale dukani hakusema neno.

Akaomba kijibao. Wakampa kipande cha mbao ya kreti. Akakata mkato mfupi, urefu wa kucha, akazima mwenyewe. Akakizungusha kibao mpaka nyuma ya bledi na kujaribu kuuvisha ule mkato kwa kutokea nyuma. Jaribuni hii siku moja, ni nzuri kuliko rula. Meza ikiwa imelala sawa na bledi imesimama wima, mkato unaingia wenyewe. Bledi ikiwa imeinama hata unywele, ukija nyuma kosa linakuwa mara mbili, mkato unakataa. Wake ukakataa. Muuzaji akafungua mdomo. Ami akapeleka mkono chini ya meza, akalegeza kile kifundo cha kuinamishia, akaigusa meza kwa kiganja, akakaza. Akakata mkato mwingine, akazunguka nao nyuma. Ukaingia.

"Meza yake inasikia," akasema. Basi, hayo ndiyo yakawa maelezo yote ya kiufundi niliyopewa.

Kumbukeni huyu ni mtu aliyekuwa hajawahi kukatia msumeno wa umeme maishani mwake. Nakshi zake zote, zile mbao za urembo zinazoning'inia kwenye kingo za mapaa Mji Mkongwe, amekata kwa fremu, yaani msumeno mwembamba wa mkono, amekaa kwenye kigoda, kibao kimeegemea ubao wenye pengo la pembe tatu. Michoro yake mingi aliibia kwa macho pale kwenye Zahanati ya Kale, mkabala na bandari, kwenye zile roshani za mbao. Jengo la mfanyabiashara tajiri Tharia Topan: jiwe la msingi 1887, kazi ikaisha 1894, mwenyewe kishafariki. Nilipomuuliza mambo ya mkato wa nyuma kayatoa wapi, akasema hata wa mkono unaukagua hivyo hivyo, umekata wima au umelaza.

Tulilipa laki nne na nusu, transfoma ndani yake, baada ya ubishi ambao sitaki kuusimulia. Bajaji mpaka Mbagala. Ami akakaa nyuma na msumeno, mimi mbele na dereva, jambo ambalo mke wangu analisimulia kila harusi.

Kilichofuata ni mambo ya kukarabati. Kubwa lilikuwa bledi. Mashine ile ilipokea bledi za inchi 5 zenye vipini vidogo ncha zote mbili, na kipini hakipiti kwenye tundu dogo. Ukitaka kutoboa jicho la ndege au katikati ya ua unalazimika kutoboa shimo kubwa kuliko jicho lenyewe. Fundi wa leth, mashine ya kukerezea chuma, kule Keko akanichongea vibano viwili vya chuma, kila kimoja na bolti yake ya alenki, nikaanza kutumia bledi zisizo na vipini. Sasa tundu la milimita 1 linatosha. Nikachukua na zile ambazo meno machache ya chini yametazama juu, ili plaiwudi isichanike upande wa chini. Kukaza naangalia kwa sikio: unaipiga bledi kwa kidole, ikilia kwa sauti nyembamba imetosha, ikilia butu ongeza.

Meza nikaipaka nta ya mshumaa, kibao kinateleza chenyewe. Juu ya lile tundu kubwa la bledi nikabandika kipande cha plaiwudi nyembamba, bledi ikajitobolea njia yake, vipande vidogo vikaacha kutumbukia. Chini ya miguu, mpira wa tairi. Nikataka pia kuifunga pedeli ya cherehani ya umeme ili mwendo niuendeshe kwa mguu. Fundi umeme wa mtaani kwetu akakataa kabisa, akasema pedeli ile inapunguza umeme na mota kama hii haitaki kupunguziwa, itaunguza koili. Akanifungia swichi ya mguu ya kuwasha na kuzima tu. Mwendo hauna cha kubadilisha, ni ule ule siku zote. Nimezoea. Mbao ngumu napunguza msukumo wa mkono.

Ami alirudi mwaka uliofuata. Nilikuwa na kazi ya mtu wa Bagamoyo, mbao za urembo za baraza, nakata tatu kwa mpigo: plaiwudi tatu zimebandikwa pamoja kwa selotepu, mchoro umegundishwa juu. Nikamkatia mbele yake. Mchoro ni wa kwake, niliunakili kwenye kibao cha nyumba yetu ya Unguja. Alisikiliza mota, akagusa vibano vya Keko, akaiona pampu ya samaki na kutikisa kichwa. Nikabandua selotepu, nikazitenganisha tatu, nikampa.

Alizipanganisha dirishani, akazichungulia mwanga ukipita, akazigeuza, akazipanganisha tena.

"Hizi zimefanana mno," akasema, na kuniuliza chai iko wapi.

Mke wangu anasema ile ni sifa, tena kubwa, kwa mtu asiyesifu. Kaka yangu, ambaye amefundishwa fremu na Ami zaidi yangu, anasema hapana, na kwamba ningemjua Ami nisingeuliza. Nikipiga simu Unguja nikaanza kulizungukia jambo hilo, Ami anataka kujua mninga Dar sasa ni shilingi ngapi.