Chupa ya kidole tumbo: zamu moja ya muuguzi wa chumba cha upasuaji

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, yule anayesimama mezani akitazamana na daktari. Wengi hudhani kazi yetu ni kumpa daktari mkasi akiuomba. Naandika zamu ya jana, siku ya upasuaji wa uvimbe mkubwa wa ovari, ili anayedhani hivyo aone tunachofanya tangu asubuhi hadi mgonjwa anapotoka.

Saa 12:30 asubuhi. Nabadili nguo, nasoma orodha. Ina mgonjwa mmoja tu, na orodha ya jina moja maana yake siku ndefu. Picha zinaonyesha uvimbe wa upande mmoja, wenye vyumba vingi ndani vilivyojaa majimaji mazito. Daktari bingwa ameandika: kutoa uvimbe, kipimo cha haraka, kisha mengine kulingana na majibu. Hayo "mengine" ndiyo yanayonipa kazi. Naandaa vyombo vya upasuaji mdogo, vya upasuaji mkubwa, na vya utumbo juu yake, kwa sababu tumbo likishafunguliwa hakuna wa kwenda kupekua makabati.

Saa 1:30. Mgonjwa analetwa. Ananishika mkono. "Sista, mtakuwepo?" Namjibu, "Tupo, mama, hatuondoki mpaka uamke." Tunapitia orodha ya usalama iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008: tunasimama mara tatu, kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Wako wanaoiona kama makaratasi. Mimi naiheshimu.

Saa 2:40. Gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, zimehesabiwa kwa sauti, mimi mezani na mwenzangu anayezunguka akiandika ubaoni. Mkato ni wa wima na unapita kitovu, mrefu makusudi. Uvimbe wa namna hii hutolewa mzima, kwani ukipasuka tumboni, saratani iliyokuwa imefungiwa ndani ya ovari huhesabiwa kuwa imepanda daraja, na huenda mgonjwa akahitaji dawa ambazo asingezihitaji. Lakini kwanza nampa daktari maji ya chumvi, anaosha tumbo, tunayavuta na kuyaweka kwenye chupa yenye lebo ili seli zake zikachunguzwe. Hiyo ni chupa ya kwanza.

Saa 3:30. Uvimbe umetoka mzima. Naupokea kwa mikono miwili. Unakwenda maabara mbichi, bila fomalini, ile dawa ya kuhifadhia sampuli, kwa sababu kipimo cha haraka hufanywa kwa kugandisha kipande kibichi, kukikata vipande vyembamba na kukitazama kwa hadubini papo hapo. Ukishatumbukizwa kwenye fomalini, nafasi ya kipimo hicho imepotea, huku mgonjwa yuko mezani tumbo wazi. Namtazama mwenzangu mpaka chombo kinatoka mlangoni.

Kisha tunasubiri.

Kwa kawaida majibu huja baada ya dakika 20 au 30. Jana zilipita, zikapita nyingine, na simu kimya. Nimevaa gauni, glavu mbili mbili, mikono siwezi kuishusha chini ya kiuno wala kujikuna pua. Mgongo unaanza kuuma pale pale unapoumaga. Daktari wa usingizi anauliza tutakaa hivi mpaka lini, kwa kuwa kila dakika ya tumbo wazi mgonjwa anapoteza joto. Tunafunika utumbo kwa gozi kubwa zilizoloweshwa maji ya uvuguvugu, nami nazihesabu tena kichwani. Mwenzangu anapiga simu. Maabara wanasema uvimbe ni mkubwa na wenye ute, kwa hiyo wanakata sehemu nyingine. Nilikereka, lakini wana haki. Uvimbe wa ute huwa na sehemu salama, sehemu za mpakani, yaani kati ya salama na saratani, na sehemu za saratani ndani ya fuko moja, na kipande kimoja kinaweza kumdanganya hata mtaalamu.

Wakati huo bingwa hakukaa bure. Alifuata utumbo mpana hadi chini kulia, akakivuta kidole tumbo juu ya jeraha. Nchani kilikuwa kinene, kigumu, na kimeng'aa kwa ute. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Hapa watu wengi huuliza: ugonjwa uko kwenye ovari, kidole tumbo kinahusikaje? Kuna uvimbe wa ute unaoanzia kwenye kidole tumbo, ukasambaa na kukua ndani ya ovari mpaka ukaonekana kana kwamba ovari ndiyo chimbuko. Tumbo linalojaa ute kama uji mzito, mara nyingi chanzo chake ni kidole tumbo. Hili si jambo la jina tu. Saratani ya ovari hutibiwa mara nyingi kwa dawa za karboplatini na paklitakseli. Iliyoanzia kwenye kidole tumbo ina dawa na upasuaji wa aina nyingine. Ukikosea chimbuko, umekosea matibabu. Lakini si kila mgonjwa wa ovari hukatwa kidole tumbo. Zamani wengi walikitoa kila walipokuta uvimbe wa ute. Siku hizi, kikionekana kizima na uvimbe usipokuwa saratani, madaktari wengi hukiacha. Hiki cha jana hakikuonekana kizima.

Simu ikaja hatimaye. Uvimbe wa ute, wa mpakani kwa uchache, saratani haiwezi kuondolewa shakani, na je, kidole tumbo kimetazamwa? Bingwa akanyoosha mkono.

Kukitoa kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Nampa koleo za kubana mshipa unaokilisha, uzi wa kufunga, uzi mwingine wa kufunga shina pale kinapoungana na utumbo, kisha kisu. Kisu hicho, na kila koleo iliyogusa sehemu iliyokatwa, havirudi mezani kwangu. Vinaingia kwenye bakuli la pembeni na mimi nabadili glavu, kwa sababu tumegusa ndani ya utumbo.

Ndipo daktari aliye mafunzoni, kijana mwenye bidii, akasema, "Sista, kiweke tu na yale mafuta ya tumboni, si vyote vinaenda maabara ileile?"

"Hapana, dokta. Chupa yake."

"Lakini ni kidogo hivyo."

Ni kidogo, na hiyo ndiyo sababu. Kikizama kwenye mafuta ya omentamu, lile pazia la mafuta linalofunika utumbo, anayepokea huko atakitafuta. Ute wake utagusa mafuta, na seli zitaonekana mahali zisipokuwa. Mtaalamu anahitaji kukiona chote, tangu ncha hadi pale kilipokatwa, ili ajue kama uvimbe umefika shinani. Nilimweleza yote hayo huku napanga sindano. Bingwa hakuinua macho, ila alingoja mpaka mwenzangu alipofungua chupa nyingine, yenye fomalini ya kutosha mara kumi ya ukubwa wa kilichomo. Jina, namba ya hospitali, tarehe, "kidole tumbo", vyote kwenye ubavu wa chupa na si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Nilimtaka ayasome kwa sauti. Akayasoma vizuri.

Baada ya hapo saa sikuiangalia tena. Kizazi, ovari ya pili, omentamu, vipande vidogo vya utando wa tumbo, kila kimoja na chupa yake. Miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu. Hesabu kabla ya kufunga tumbo, hesabu kabla ya kufunga ngozi. Mtu anataka kushona, wewe unasema ngoja. Hakuna anayekupenda dakika hiyo. Zikatimia.

Mama aliamka alasiri akaomba maji. Tulilowesha midomo yake tu.

Nikiwa natoka na kitabu cha sampuli kusaini maabara, binti yake alinisimamisha koridoni. Ameambiwa kidole tumbo nacho kimetolewa, anataka kujua kama ugonjwa umeenea. Nilimwambia hilo ni la bingwa na atakuja kuzungumza naye jioni hii hii, na kwamba majibu kamili huchukua siku kadhaa kwa kuwa sampuli hutiwa rangi maalumu zinazosaidia kutofautisha seli za ovari na za utumbo. "Yakija, mwombe akuoneshe na ya kidole tumbo," nikamwambia. "Yana mstari wake." Akaliandika kwenye simu.

Maabara walipokea chupa zote, wakasaini moja moja. Keshokutwa nina zamu tena, nitapita kuulizia.