Kumtibu mwanangu sumu ya risasi: dawa ilikuwa nusu ya kazi

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha kutoboa kidole, na vumbi la kwenye ngozi linaweza kupandisha majibu, kwa hiyo daktari akataka damu ya mshipa. Majibu yakazidi mikrogramu 45 kwa desilita, kiwango ambacho watoto huanzishiwa kilesheni, yaani dawa inayonasa madini ya risasi mwilini na kutoka nayo kwenye mkojo.

Nilitaka aanze siku ileile. Daktari akaniuliza, "Mama, risasi inatoka wapi?" Ilitoka kwenye fremu ya dirisha alilopenda kuchungulia: kila likifunguliwa, rangi ya zamani ilisagika ikawa vumbi, naye mikono haitoki mdomoni. Ukimpa dawa huku bado anameza risasi, mwili unaweza kuifyonza zaidi. Tukahamia kwa dada yangu mpaka mafundi wanaojua kuondoa risasi hiyo wakamaliza, na nyumba nzima ikapigwa deki. Kufagia kungerusha vumbi upya.

Dawa yenyewe ni DMSA: kila baada ya saa 8 kwa siku 5, kisha kila baada ya saa 12 kwa siku 14. Inanuka yai viza. Nilifungua kapsuli, nikamwaga chembe zake kwenye kijiko cha ndizi iliyopondwa, nikamlisha hapohapo. Akitema, nilimpigia nesi, sikukisia dozi. Maji alikunywa kwa wingi, na damu ilipimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe nyeupe.

Kilichonitisha ni kiwango kupanda tena baada ya dozi kuisha, na nyumba ilishakuwa safi. Kumbe risasi nyingi hukaa mifupani, na damu ikisafishwa nyingine hutoka huko kujaza nafasi. Akarudia dawa, kikashuka.

Kuna walionishauri nimpeleke akawekewe dripu ya "kusafisha mwili". Nilikataa kabisa. Kati ya 2003 na 2005, watu watatu Marekani, wawili wao watoto, walikufa baada ya kuwekewa dripu ya EDTA, dawa nyingine ya kilesheni, ya aina isiyo na kalsiamu, kalsiamu ya damu ikaporomoka na moyo ukasimama. Mzazi akipewa ushauri kama huo, aulize kwanza kipimo cha damu ya mshipa kinasema nini, na ni dawa gani hasa iliyo kwenye chupa.