Siku moja maishani mwangu: madogo 18, yai lisilo na ganda na peni iliyogoma

Saa 11 na nusu alfajiri

Nikiamka kitu cha kwanza sio simu, ni yai. Liko juu ya kabati kwenye glasi ya siki tangu juzi jioni na usiku nimeamka mara mbili kulichungulia kama mtu mwenye mtoto ana homa. Leo limekubali. Ganda lote limeisha, umebaki ule utando tu, ukilishika linabonyea kama puto lenye maji, ukilipeleka mbele ya taa unakiona kiini kinavyoelea humo ndani. Siki ni asidi na ganda ni kalisiamu kaboneti, vikikutana ganda linaliwa pole pole na hewa ya ukaa inatoka, ndo vile viputo vinavyoligandia yai siku ya kwanza. Nalisuuza taratibu nalitia kwenye glasi ya maji. Lazima lifike salama, jana niliahidi mbele ya darasa zima, na mtoto wa miaka 7 anasahau sweta, anasahau begi, anasahau hadi kiatu kimoja, ahadi hasahau.

Kwa wasionijua, mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini na likizo ndefu ikifika naendesha darasa la kazi za mikono na majaribio madogo madogo ya sayansi, watoto wa miaka 6 mpaka 9, wako 18. Watu wananiambia likizo yote napumzika. Sawa.

Saa 1 na nusu

Maandalizi. Hapa ndipo siku inapookolewa au inapoharibika. Nakata vipande vya tishu, nahesabu mikasi (ya ncha butu, na bado nahesabu wakati wa kugawa na wakati wa kukusanya), gundi, selotepu, klipu za karatasi, maboksi ya viatu, zile bomba za katikati ya tishu za chooni ambazo nimeomba kwa kila ninayemjua mpaka watu wananikwepa. Beking soda imebaki pakiti moja. Nikajisemea inatosha, mlima wa volkano ni mmoja tu. Kumbuka hiyo sentensi.

Saa 3

Wanaingia. Naanza na helikopta ya karatasi kwa sababu haihitaji maelezo: ukanda wa karatasi, unaupasua juu kupata mabawa mawili, moja unalikunja mbele lingine nyuma, chini unabana klipu, unasimama kwenye kiti unaachia. Inashuka inazunguka. Dakika kumi darasa zima liko juu ya viti. Kuna kabinti kako kimya sana, hakasemagi, kakaja kunivuta shati, Ticha yangu inazunguka kinyume na ya kaka. Kweli bwana! Kalikuwa kamekunja mabawa upande mwingine. Mimi sikusema kitu, nikamwambia kunja tena kama ya kaka uone, akaenda, akarudi, akaenda, nadhani aliachia ile helikopta mara thelathini.

Saa 4

Peni. Hii ndo kazi ninayoipenda kuliko zote na kwa macho haina mvuto kabisa. Unachukua kipande cha tishu kirefu, unaweka nukta nene ya peni nyeusi ya rangi, ile ya watoto inayofutika kwa maji, kama sentimita 2 kutoka chini, halafu unaning'iniza ile tishu ncha yake tu iguse maji, nukta yenyewe isizame, ikizama umeharibu. Kabla hatujagusa maji nauliza, hii nyeusi ina nini ndani? Wote: nyeusiii! Naandika ubaoni, 18 wamesema nyeusi. Zamani nilikuwa naeleza kwanza ndo tunafanya, wanaangalia wanasema oh, basi imeisha. Sikuhizi nawafanya waseme kwanza wanachodhani, yaani mtoto akishaweka neno lake hawezi kuondoa macho, anataka ajue kama ameshinda.

Maji yakapanda kwenye tishu. Yakafika kwenye nukta, ikaanza kulegea pembeni, mara kimkia cha bluu, juu yake zambarau, halafu waridi linakimbia mbele ya wenzake. Kimya, watoto 18 wanapumua tu. Wino mweusi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, kila moja inang'ang'ania karatasi kwa kiasi chake na nyingine inapenda zaidi kusafiri na maji, kwa hiyo zinaachana njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 mtaalamu wa mimea wa Urusi Mikhail Tsvet alizitenganisha rangi za majani kwa akili hiyo hiyo, na jina lake kwa Kirusi maana yake rangi, sijui alikuwa na uchaguzi gani mwingine maishani.

Sasa kuna mmoja, mapengo mawili mbele, tishu yake maji yamepita nukta na nukta imekaa pale pale nyeusi tii. Ticha peni yangu imekufa. Nikaangalia, kumbe kachukua maka yangu ya kuandikia maboksi, ile isiyofutika. Jirani yake akasema haijafa, haipendi maji tu. Miaka 6 huyo! Nikauliza sasa inapenda nini? Wakataja siki, sabuni, mafuta, mate. Nikaandika yote ubaoni, nikaacha hivyo.

Saa 5 na nusu

Yai. Kila mtu analigusa kwa kidole kimoja. Nikawaonyesha linadunda ukiliachia kutoka urefu wa kidole, sio zaidi. Mmoja akataka kujua kutoka kidevuni je. Tumejua. Tumedeki, tumenawa wote kwa sabuni, tumeendelea.

Saa 6

Volkano. Mlima wa karatasi na gundi tumeujenga siku mbili, chupa katikati, beking soda ndani, mimi nikageuka kuchukua trei, sekunde kumi tu, msaidizi wangu wa kujitolea wa miaka 8 akamimina siki yote. Fwaaa. Watatu ndo wameona, 15 wameona mgongo wangu. Vilio. Ticha rudia! Narudia na nini, pakiti ilikuwa moja.

Daah, nikakamata karatasi. Ukanda mrefu, geuza ncha moja nusu mzunguko, gundi. Chora mstari katikati bila kuinua penseli. Mstari ukazunguka ukarudi ulipoanzia na pande zote mbili zimechorwa, maana kumbe upande ni mmoja. Tukikata kwenye mstari tutapata pete ngapi? Mbili, wote, hata wanaolia. Wakakata. Pete moja, ndefu. Wengine wakadhani wamekosea wakaomba karatasi nyingine. Halafu ukikata theluthi badala ya katikati unapata mbili zimeshikana kama mnyororo, moja kubwa moja ndogo. Inaitwa ukanda wa Möbius, ni ya mwaka 1858, na imeniokoa zaidi ya semina zote nilizohudhuria. Volkano hakuna aliyeikumbuka tena.

Saa 8

Boksi la viatu, tundu la pini upande mmoja, upande wa pili dirisha la karatasi ya nta, kitambaa cheusi kichwani, tundu unalielekeza nje penye mwanga (kwenye jua lenyewe marufuku, hilo narudia mpaka sauti inakauka). Kwenye ile karatasi ya nta mti wa nje unaonekana miguu juu. Mwanga unakwenda moja kwa moja, wa juu unapita tunduni unatua chini. Ibn al-Haytham wa Basra alishalichunguza jambo hili miaka kama 1,000 iliyopita. Wao walichotaka ni kumuona Ticha akiwa kichwa chini, nikasimama nje juani dakika ishirini nikipunga mkono.

Saa 9 na nusu

Wazazi. Mmoja akaniuliza kwa upole, Mwalimu, hivi haya makaratasi anayoleta nyumbani niyatupe au? Nikamwambia muulize kwanza mwenyewe yanafanya nini. Akachoka, lakini akauliza, na nimewaacha pale getini mtoto anaeleza kwa mikono.

Saa 10 mpaka 11 gundi. Sina la kuongeza.

Saa 2 usiku

Nimekaa mezani na ile maka iliyogoma, tishu moja, na kifuniko cha spiriti, dirisha wazi. Kesho nitaishika chupa mwenyewe, hakuna mtoto anaigusa, ila siwezi kufika mbele yao bila kuwa nimejaribu. Nukta. Ncha kwenye spiriti. Dakika ya kwanza hamna kitu. Halafu pembeni ya nukta kukatokea kaukungu, ikalegea, ikaanza kupanda. Nimeianika kwenye kiti, kesho naificha mfukoni mpaka yule wa mapengo aseme kwanza anachodhani.