Kwa nini 641 inaigawa 4,294,967,297

Namba ninayoipenda kuliko zote ni 4,294,967,297, yaani 2³² ikiongezwa 1. Pierre de Fermat wa Ufaransa aliifikia mwaka 1640 katika mfuatano unaoanza na 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambamo kila namba hupatikana kwa kuchukua iliyotangulia, kuipunguza 1, kuipandisha kwenye kipeo cha pili, kisha kuongeza 1. Hizo tano zote ni namba tasa, na Fermat aliamini kwamba ya sita, ambayo ndiyo hii, pamoja na zote zinazofuata, ni tasa pia.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1732 Leonhard Euler, aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg nchini Urusi, alionyesha kwamba namba hii ni 641 × 6,700,417. Baadaye alieleza kwamba kigawo chake chochote kilicho tasa, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Sharti hilo linafagia karibu namba zote, kwani chini ya 641 zinasalia nne tu za kujaribiwa: 193, 257, 449 na 577. Nilikaa na kalamu na karatasi nikazigawanya moja baada ya nyingine, na kila mara nikapata baki, mpaka nilipofika 641 na mstari wa mwisho ukaishia kwenye sifuri.

Hata hivyo, kugawanya kunaonyesha tu kwamba jambo ni kweli, bila kueleza kwa nini. Sababu imo ndani ya 641 yenyewe, ambayo inaandikika kwa njia mbili. Kwanza, 641 ni 5 × 2⁷ + 1, kwa hiyo 5 × 2⁷ imepungukiwa na 1 tu ili igawanyike kwa 641. Ukiipandisha kwenye kipeo cha nne, ule upungufu wa 1 hugeuka kuwa ziada ya 1, maana yake 5⁴ × 2²⁸ hubakiza 1. Pili, 641 ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴, na hivyo katika hesabu ya mabaki 5⁴ inaweza kubadilishwa na hasi 2⁴. Weka badala hiyo mahali pake: hasi 2³² inabakiza 1, kwa hiyo 2³² imepungukiwa na 1, na ukiiongeza hiyo 1 hakuna baki. Sijaona uthibitisho mfupi unaonifurahisha kuliko huu.

Kisha kuna jirani yake, 4,294,967,295, iliyopungua 2 tu. Hiyo ni zao la 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, namba zilezile tano za Fermat, hivyo kila moja kati yake ikiigawanya namba yetu, kinachozidi ni ile 2 peke yake. Ndiyo maana 3 na 5 na 17 haziwezi kuwa vigawo vyake. Nilipolitambua hilo niliirudia karatasi yangu, mahali nilipogawanya kwa 257, na baki niliyokuwa nimeiandika pale ni 2.